Wachina Wamewezaje? Jibu kwa Swali la Kamati Zetu



Katika semina za kamati za maendeleo tunazoendesha katika sharika zetu, kuna swali moja ambalo limekuwa likirudi karibu kila mahali. Tunakuwa tunafundisha namna ya kuandika andiko la mradi au namna ya kutunza leja, na kabla ya chai mzee mmoja wa kanisa anasimama na kuuliza: "Wachina walikuwa maskini kama sisi, na pengine kutuzidi. Leo wanatujengea barabara. Wamewezaje?" Mara nyingi mwingine hujibu kabla yetu: "Wameweza kwa sababu kule hakuna kubembelezana. Serikali ikisema, mtu anafanya. Hata miradi yetu ingeendeshwa kwa amri ingefika mbali." Na watu hupiga makofi.

Marafiki na wafadhili wetu wa ng'ambo nao wametuuliza swali hilo kwa sura nyingine: je, habari za China zina jambo lolote la kulifundisha kanisa linalofanya kazi vijijini?

Tumeona ni vema tutumie nafasi hii kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Tunasema mapema kwamba jibu lile la makofi lina ukweli kiasi, lakini limeacha sehemu muhimu kuliko zote. Amri imekuwepo China miaka yote tangu 1949. Kilichobadilika ni mambo mawili: mkulima aliruhusiwa kufaidi jasho lake, na viongozi wa juu walikubali kusikia habari za kweli kutoka chini. Mambo hayo yalipokuwepo, watu waliinuka. Yalipokosekana, amri ile ile ilileta maafa.

Nchi na Chama

China ina watu takribani bilioni 1.4. Baadhi ya majimbo yake, kama Guangdong na Shandong, yana watu wengi kuliko Tanzania nzima. Hivyo mtu anaposema "Wachina wanafanya hivi", ni vema kuuliza ni Wachina wa wapi, kwa maana mji wa Shanghai na vijiji vya milimani vya Guizhou haviishi maisha yanayofanana.

Tangu tarehe 1 Oktoba 1949 nchi hiyo inatawaliwa na Chama cha Kikomunisti cha China, ambacho mwishoni mwa mwaka 2024 kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 100. Katika kila ngazi, kuanzia kijiji hadi jimbo, kuna uongozi wa serikali na kuna katibu wa Chama, na katibu ndiye mwenye neno la mwisho. Wazee wetu wanaokumbuka enzi za chama kushika hatamu, kabla ya mwaka 1992, hawatapata shida kuelewa mpango huo. Mkutano Mkuu wa Chama hufanyika kila baada ya miaka 5. Juu yake kuna Kamati Kuu yenye wajumbe wapatao 200, kisha Kamati ya Siasa iliyokuwa na wajumbe 24 ilipochaguliwa mwaka 2022, na kileleni watu 7 tu wa Kamati ya Kudumu. Xi Jinping amekuwa Katibu Mkuu tangu Novemba 2012. Mwezi Machi 2018 katiba ilirekebishwa na kuondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais, na mwaka 2023 alianza kipindi cha tatu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Fedha nyingi za serikali hazitumiwi Beijing. Hutumiwa na majimbo, miji na wilaya. Kiongozi wa wilaya hupewa malengo kutoka juu, naye hupandishwa cheo kwa namna alivyoyatimiza. Mpango huu huwafanya viongozi wa chini wachape kazi na kushindana. Aidha, huwatia majaribuni, kwa sababu mtu anayepandishwa cheo kwa tarakimu hushawishika kuzipika tarakimu hizo.

Taarifa zilizopambwa na njaa kuu

Mwaka 1958 uongozi wa Mao Zedong ulianzisha mpango ulioitwa Hatua Kuu ya Kusonga Mbele. Wakulima waliunganishwa katika komyuni kubwa. Ardhi, mifugo na hata majiko vikawa vya wote, watu wakala katika mabwalo ya pamoja, na wengi wakaondolewa shambani kwenda kuyeyusha chuma katika tanuru za kienyeji.

Ikaja zamu ya taarifa. Kila kiongozi wa komyuni alitaka kuonekana amefanya vizuri kuliko jirani yake. Mmoja akitangaza mavuno mara mbili, mwingine alitangaza mara tano. Taarifa hizo zilipofika juu ziliaminiwa, na serikali ikachukua fungu lake la nafaka kwa kufuata tarakimu za kwenye karatasi. Ghalani hapakubaki kitu. Mwaka 1959 nchi iliendelea kuuza nafaka nje wakati wakulima wake wanakula magome ya miti.

Julai 1959, Waziri wa Ulinzi, Jemadari Peng Dehuai, alimwandikia Mao barua kueleza kwamba mambo hayaendi kama yanavyoripotiwa. Aliondolewa katika wadhifa wake. Wengine walipoona hayo walinyamaza, na njaa ikaendelea hadi mwaka 1961. Wataalamu hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa. Makadirio yao mengi ni kati ya watu milioni 15 na milioni 45. Hao walikuwa hasa wakulima, watu wale wale waliolima chakula.

Wapendwa, hapo amri haikukosekana hata kidogo. Kilichokosekana ni mtu wa chini kuweza kusema "ghala ni tupu" na asiadhibiwe.

Alama za dole gumba Xiaogang

Mao alifariki Septemba 1976. Miaka miwili baadaye, katika jimbo la Anhui, wilaya ya Fengyang, kulikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Xiaogang. Njaa ile ilikuwa imewaua wengi hapo, na waliobaki walizoea kutoka kila mwaka kwenda kuomba chakula mijini.

Usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 1978, wakulima 18 waliowakilisha kaya zao walikutana kwa siri. Waliandika makubaliano mafupi. Kila kaya itapewa kipande chake cha kulima. Kila kaya itatoa fungu la serikali na fungu la komyuni. Kinachobaki ni chao. Kwa kuwa walikuwa wanavunja sheria, waliongeza kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa, wengine watawalea watoto wao hadi watimize miaka 18. Kisha wakaweka alama za dole gumba.

Mavuno yaliyofuata yaliongezeka kiasi kwamba siri haikuweza kufichika. Katibu wa Chama wa jimbo, Wan Li, angeweza kuwaadhibu, lakini aliwaacha waendelee na kuwatetea. Desemba 1978 Chama chini ya Deng Xiaoping kilikuwa kimekwisha kuamua kuelekeza nguvu kwenye uchumi. Mpango wa kila kaya na mkataba wake ukaruhusiwa hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1984 komyuni zilikuwa zimevunjwa karibu nchi nzima. Mavuno ya nafaka yalipanda kutoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi tani milioni 407 mwaka 1984.

Tusirahisishe mambo mno. Serikali ilikuwa pia imeongeza bei ya kununulia mazao mwaka 1979. Viwanda vya mbolea vilivyoagizwa miaka ya 1970 vilikuwa vimeanza kazi, na mbegu chotara za mpunga alizozifanyia utafiti Yuan Longping zilikuwa zinasambazwa. Vile vile, pamoja na makosa ya enzi ya Mao, watoto wengi vijijini walikuwa wamefundishwa kusoma, na watoa huduma walioitwa madaktari pekupeku walikuwa wakitoa chanjo na dawa za kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 umri wa kuishi ulikuwa umefika takribani miaka 65. Mkulima aliyepewa mkataba alikuwa na afya, na wengi walijua kusoma. Mbegu, mbolea na bei vilimkuta ana sababu ya kuamka mapema.

Ni vizuri pia kujua kwamba ardhi haikugeuzwa kuwa mali ya mtu binafsi. Mpaka leo ardhi ya shamba ni ya kijiji, na kaya inaitumia kwa mkataba.

Kujaribu padogo kwanza

Viongozi wa wakati ule walipenda msemo wa Kichina wa kuvuka mto kwa kupapasa mawe. Maana yake ni kwamba usiruke, peleka mguu mmoja, ukipata jiwe imara ndipo uhamishe mwingine.

Ndivyo walivyofanya na viwanda. Mwaka 1980 waliteua sehemu nne tu, yaani Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen, wageni waruhusiwe kuwekeza humo kwa masharti nafuu. Shenzhen, mpakani mwa Hong Kong, ilikuwa wilaya ya wakulima na wavuvi. Katika sensa ya mwaka 2020 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 17. Jaribio lilipoonekana linafaa, miji mingine ya pwani ilifunguliwa, na Desemba 2001 China ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2010 uchumi wake uliupita wa Japani na kuwa wa pili duniani baada ya Marekani.

Uhuru huo, hata hivyo, ulikuwa wa soko tu. Wanafunzi na wafanyakazi walipojaa katika uwanja wa Tiananmen mwaka 1989 wakidai mageuzi ya siasa na kukemea rushwa, jeshi lilitumwa usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni na watu wengi wakauawa. Tangu hapo mpaka umekuwa wazi: mwananchi anaweza kufanya biashara, kusafiri na kutajirika, lakini asiunde chombo cha kupingana na Chama.

Waliobeba gharama

Sasa tuwatazame watu waliosimama kwenye mashine za viwanda hivyo. Tangu mwaka 1958 kila Mchina ameandikishwa mahali alipo na kupewa hadhi ya mtu wa shamba au mtu wa mji. Usajili huo huitwa hukou. Ndio unaoamua mtoto atasoma wapi, mgonjwa atatibiwa wapi kwa nafuu na mzee atalipwa pensheni gani. Viwanda vilipohitaji watu, wanakijiji waliruhusiwa kwenda mijini kufanya kazi, lakini usajili wao ulibaki kijijini. Walijenga maghorofa ambayo watoto wao hawakuruhusiwa kusoma shule zilizo karibu nayo. Leo watu hao ni takribani milioni 300.

Mwaka 2003 kijana mmoja, Sun Zhigang, aliyekuwa ameajiriwa huko Guangzhou, alikamatwa kwa kukosa kibali cha kukaa mjini, akapigwa na kufa akiwa kizuizini. Magazeti yaliandika, wanasheria wakapaza sauti, na katika miezi michache serikali ikafuta utaratibu ule wa kuwakamata na kuwarudisha wahamiaji. Tunautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba hata ndani ya utawala ule, habari ya kweli ikipata upenyo, sheria mbaya inaweza kuondoka.

Gharama nyingine ilibebwa na watoto walioachwa vijijini na babu na bibi. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la nchi hiyo lilikadiria kuwa watoto hao ni milioni 61. Mwaka 2016 wizara inayohusika ilitangaza milioni 9. Watoto hawakutoweka. Hesabu ya kwanza ilijumuisha kila mtoto ambaye mzazi wake mmoja au wote wako mbali, na ya pili ilibana maana. Kamati zetu zizingatie hilo: kabla ya kufurahia tarakimu kushuka, uliza kwanza nani alihesabiwa.

Kuorodhesha maskini bila upendeleo

Benki ya Dunia inakadiria kuwa katika miaka 40 Wachina karibu milioni 800 waliondoka katika umaskini wa kutupwa kwa kipimo cha dola 1.90 kwa siku. Wengi wao waliinuka kwa kilimo na ajira za viwandani. Lakini walibaki wa mwisho, wale wa milimani, wagonjwa, walemavu na wazee, ambao soko haliwafikii.

Kuanzia mwaka 2013 serikali iliamua kuwatafuta hao kaya kwa kaya. Mwaka 2014 waliandikishwa, na kila kaya ikawa na kadi inayoeleza sababu ya umaskini wake. Jambo ambalo sisi watu wa miradi tumelipenda ni lililofuata. Kati ya mwaka 2015 na 2016 orodha ilirudiwa kuhakikiwa, na majina ya watu milioni 9.29 yakaondolewa kwa kuwa hawakustahili, huku watu milioni 8.07 waliokuwa wamesahauliwa wakiingizwa. Aliyewahi kuketi kwenye kikao cha kuchagua walengwa wa mradi anajua ni akina nani huingia bila kustahili, na ni akina nani husahaulika.

Watumishi zaidi ya milioni 3 kwa vipindi mbalimbali walipelekwa kuishi vijijini. Watu wapatao milioni 9.6 walihamishwa kutoka sehemu zisizo na maji wala barabara, na baadhi yao walipata shida kuzoea maisha ya maghorofa yasiyo na shamba. Februari 2021 Xi Jinping alitangaza kuwa watu milioni 98.99 wa vijijini wameondoka katika umaskini wa kutupwa. Ni kazi kubwa, na inastahili heshima.

Pamoja na hayo, Mei 2020 Waziri Mkuu wa wakati huo, Li Keqiang, alisema hadharani kuwa watu milioni 600 wana kipato cha takribani yuan 1,000 kwa mwezi, fedha ambayo katika mji wa kawaida haitoshi hata kupanga nyumba. Hivyo umaskini wa kutupwa umepungua sana, lakini kuna Wachina wengi wa kipato kidogo ambao hawaonekani kwenye picha za maghorofa.

Hali ilivyo katika miaka hii

Yapo mambo matatu ambayo msomaji ayafahamu.

Kwanza ni nyumba. Serikali za chini zilijipatia fedha kwa kuuza haki za kutumia ardhi kwa makampuni ya ujenzi, na makampuni yakajenga kwa mikopo. Wananchi waliweka akiba zao kwenye nyumba ambazo hazijakamilika. Mwaka 2021 kampuni ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni yake, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe. Familia nyingi zilibaki zinalipa mkopo wa nyumba isiyo na paa.

Pili ni vijana. Juni 2023 kati ya vijana wa mijini wenye miaka 16 hadi 24 waliokuwa wakitafuta kazi au walio kazini, asilimia 21.3 hawakuwa na ajira. Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha kutoa takwimu hiyo, ikairudisha Januari 2024 kwa hesabu mpya isiyojumuisha wanafunzi.

Tatu ni uzazi. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015 familia nyingi ziliruhusiwa mtoto mmoja tu, na akina mama wengi walilazimishwa kutoa mimba au kufungwa kizazi. Sasa wanaruhusiwa watatu tangu mwaka 2021, lakini vijana hawataki. Mwaka 2022 idadi ya watu ilianza kupungua, na kuanzia Januari 2025 umri wa kustaafu umeanza kuongezwa polepole. Mlango uliofungwa kwa amri haujafunguka kwa amri.

Katika miaka hii nafasi ya kusema imebanwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2019 daktari Li Wenliang wa Wuhan aliwaonya wenzake juu ya ugonjwa mpya wa mapafu. Polisi walimwita na kumkaripia kwamba anaeneza uvumi. Aliugua Korona na kufariki tarehe 7 Februari 2020, na baada ya uchunguzi polisi walifuta karipio lile. Huko Xinjiang, ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2022 ilisema kuwa kuwekwa vizuizini kwa Wauighuri na Waislamu wengine kunaweza kuwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China inakanusha.

Kanisa la China

Wasomaji wengi huuliza kama kuna Wakristo China. Wapo, tena wengi. Serikali yenyewe mwaka 2018 ilitaja Waprotestanti zaidi ya milioni 38, bila kuhesabu wengi wanaokusanyika majumbani.

Sisi Walutheri tunao uhusiano wa kihistoria nao. Misheni ya Kilutheri ya Norway iliyoanzishwa mwaka 1891 ilianza kwa ajili ya China. Milango ya huko ilipofungwa baada ya 1949, ilielekeza watumishi wake nchi nyingine, zikiwemo Ethiopia na Tanganyika. Ndani ya China madhehebu yaliunganishwa mwaka 1958, hivyo hakuna Kanisa la Kilutheri lenye jina hilo bara; makanisa ya Kilutheri yapo Hong Kong. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, makanisa yote yalifungwa. Yalianza kufunguliwa mwaka 1979, nayo yakakuta waumini wakisali majumbani.

Mwaka 1985 Wakristo wakiongozwa na Askofu K. H. Ting walianzisha Taasisi ya Amity huko Nanjing kwa kazi za maendeleo, kama vile kuwafundisha waganga wa vijijini. Kwa ushirikiano na Vyama vya Biblia, kiwanda cha Amity kilikuwa kimechapa Biblia milioni 200 kufikia mwaka 2019, nyingine zikiletwa Afrika. Tazama kurasa za mwanzo za Biblia yako. Huenda imechapwa Nanjing. Lakini nchini humo Biblia huuzwa kupitia makanisa yaliyosajiliwa tu. Kati ya 2014 na 2016 misalaba mingi ya makanisa ya jimbo la Zhejiang iling'olewa. Desemba 2019 mchungaji Wang Yi wa Chengdu, ambaye kanisa lake halikusajiliwa, alihukumiwa kifungo cha miaka 9. Tuwaombee ndugu hao, waliosajiliwa na wasiosajiliwa, kila mmoja katika mzigo wake.

Tunachukua nini?

Sasa tunarudi ukumbini, kwenye makofi yale. Ni haki tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mradi wa kopa mbuzi lipa mbuzi katika usharika mmoja. Kamati ilituletea taarifa kwamba mbuzi wote 30 wako hai na wanazaa. Sisi ofisini tulikuwa na tarehe ya kupeleka ripoti kwa wafadhili, hatukwenda kuona, tukaandika kama tulivyoandikiwa. Wageni walipofika tukakuta mbuzi 17. Mama mmoja mjane alituambia, "Wa kwangu alikufa mwezi wa kwanza. Nilimwambia mwenyekiti, akasema nisiwaaibishe." Ugonjwa ule ungetibika kama tungejua mapema. Wanakamati walikuwa wamejifunza kutoka kwetu kwamba taarifa nzuri ndiyo huleta awamu ya pili. Tuliwaomba radhi wao, yule mama na wafadhili wetu.

Tofauti na njaa ya 1959 ni kubwa mno, na hatuilinganishi nayo. Lakini mtego ni wa namna ile ile. Kwa hiyo tunapendekeza kamati ya kila usharika ijadili maswali yafuatayo katika kikao kijacho:

1. Katika mradi wetu, mlengwa anafaidi nini yeye mwenyewe akifanya kazi kwa bidii? Je, makubaliano hayo yameandikwa na anayajua?

2. Je, tumejaribu padogo, kwa kaya chache na msimu mmoja, kabla ya kuomba fedha za usharika mzima?

3. Orodha ya walengwa ilihakikiwa lini mara ya mwisho, na nani alisomewa majina hayo hadharani?

4. Mjane akiwa na habari mbaya juu ya mradi, atamwambia nani, na huyo atafanya nini?

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mkipokea kutoka kwetu ripoti yenye hasara ndani yake, isomeni kwa upole kama mnavyosoma ile yenye picha nzuri. Kwa upande wetu, kuanzia robo hii kila ripoti ya mradi itakuwa na ukurasa wa mambo yasiyofanikiwa, na afisa wetu atatembelea angalau kaya tano bila kutoa taarifa kabla ya kuisaini. Usharika utakaojaza ukurasa huo kwa ukweli hautanyimwa awamu inayofuata kwa sababu hiyo.

Bwana awabariki katika kazi zenu.